Jioni Niliyouliza Bugali Iko Wapi

Ipo jioni moja isiyonitoka kichwani, mwanangu, na kila nikiikumbuka naona aibu, hata sasa ambapo mvi zimenijaa na mjukuu ananipanda mgongoni. Ilikuwa Jumatano, msimu wa mvua. Nilichelewa shambani kwa sababu ya palizi, magoti yangu yamejaa udongo, tumbo linanguruma, na nilipokaribia mlango nikasikia watoto wangu wanacheka. Ningepaswa kufurahi. Saa kama ile watoto wa nyumba yetu hawakuwa na kawaida ya kucheka. Ama walikuwa wanalia njaa, ama wamekwisha kulala.

Ngoja kwanza nikueleze nyumba yenyewe ilivyokuwa, usije ukanihukumu kabla ya wakati. Ukishasikia yote utanihukumu vizuri zaidi.

Tulikaa juu ya kilima, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Kitshanga. Mimi nililima maharagi na viazi, kama baba yangu na babu yangu. Mke wangu, Mama Furaha, alikuwa mkunga katika kituo cha afya kule chini. Wanawake wa vilima vyote vya jirani walimjua. Akipita njiani, mama mwenye mtoto mgongoni humsimamisha, anageuka ili amwonyeshe yule mtoto, anamwambia, huyu ni wako, wewe ndiye uliyempokea. Aliipenda sana kazi ile. Nasema hivyo kwa sababu wapo wanaume wanaodhani mwanamke hutoka nyumbani kwa ajili ya mshahara tu. Mke wangu hata usingizini alitaja majina ya wajawazito wake.

Alitoka kazini saa kumi na moja, akapanda kilima, akafika saa kumi na mbili giza likianza kuingia. Hapo ndipo kazi ya pili ilipoanza. Awashe makaa, sisi tunayaita makala, kwenye jiko la mbabula, apashe maharagi, atwange sombe ya majani ya muhogo, kisha ateleke maji ya bugali. Na makala yakiwa na unyevu, kama yalivyo kwetu miezi ya mvua, mbabula ile humtoa mtu machozi kabla haijatoa moto. Tulikula saa mbili, wakati mwingine saa mbili na nusu. Neema, kitinda mimba wetu, alikuwa na miaka mitatu. Siku nyingi alilala kabla ya chakula. Mama yake alimketisha, anamtilia tonge mdomoni, na mtoto anatafuna macho yamefumba.

Utaniuliza, na wewe Papa Furaha ulikuwa wapi? Nilikuwa kwenye kiti changu, redio sikioni. Siku za kawaida nilifika nyumbani saa kumi, saa mbili nzima kabla ya mke wangu, nikanawa miguu, nikakaa kumsubiri. Jikoni sikuingia. Hakuna aliyenikataza, ila niliamini kwamba sikuwahi kumwona mwanaume wa ukoo wetu akipika. Niliamini hivyo kabisa, na utaona nilivyojidanganya.

Sasa turudi kwenye ile Jumatano. Niliingia nikakuta watoto wote wanne wameizunguka sufuria moja kubwa. Ndani yake kulikuwa na spageti iliyopikwa pamoja na tomati, karoti na puaro, vile vitunguu virefu vyenye majani, na juu yake jibini ya kwetu Masisi imeyeyuka inavutika kama utomvu. Neema alikuwa macho, mashavu mekundu kwa tomati. Mama Furaha alikuwa amekaa nao, bado amevaa viatu vya kazini.

"Karibu, Papa Furaha," akasema. "Chakula iko tayari."

"Bugali iko wapi?"

"Leo hakuna bugali. Nimepika hii tu, vyote mu sufuria moja. Ona, hata Neema hajalala."

Mwanangu, hapo ningenyamaza nikae nile. Lakini nilikuwa kijana mwenye kichwa kigumu, na njaa ilikuwa imenipanda. Nikaisukuma sahani yangu hadi katikati ya meza.

"Hii njo chakula? Hii iko chakula ya bavijana benye hawana bibi. Muntu anatoka mu shamba, unamupatia kamba za kuchemusha?"

Kicheko cha watoto kilikatika. Furaha, mkubwa wao, akainamisha macho. Mke wangu aliinuka, akatia makala mapya, akapuliza mpaka moto ukakubali, akasonga bugali yangu na kupasha maharagi yangu. Nilikula peke yangu. Yeye alikuwa amekaa kwenye kigoda, ameegemeza kichwa ukutani, amesinzia na viatu vyake miguuni. Nami nilikula nikashiba. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilishiba vizuri kabisa.

Asubuhi, akiwa anafunga kitambaa kichwani kwenda kazini, aliniambia bila kuniangalia, "Papa Furaha, huu mwezi ukiisha nitaacha kazi. Barua nimeisha kuiandika. Nimechoka. Sina mikono ine."

Unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Sikuonyesha, lakini moyoni nilifurahi. Nikajiona mwanaume ambaye hatimaye atakula bugali yake saa kumi na mbili kama watu wengine. Sikufikiri hata kidogo juu ya wale wanawake wa vilimani. Sikufikiri juu yake yeye, kwamba barua ile ilimkata moyo, ingawa macho yake yalikuwa yamevimba na mimi niliyaona.

Jumapili baada ya ibada nikapanda moto, yaani pikipiki ya abiria, nikaenda Kashuga kumsalimia baba yangu. Mama yangu alikuwa amekwisha kufariki miaka mingi. Nilimkuta mzee uani amekaa kwenye mkeka, anapukuchua maharagi. Nikakaa naye, tukapukuchua pamoja, kisha nikamtolea habari yangu nzuri.

"Anaacha kazi?" mzee akauliza. "Na bibi za bantu, nani atabazalisha?"

"Batatafuta mukunga mwingine, Papa."

"Juu ya nini anaacha?"

Nikamsimulia habari ya spageti. Niliisimulia kwa madaha, hata nikaiga sauti yangu mwenyewe nikiuliza bugali iko wapi, nikingoja acheke. Hakucheka. Aliweka chini maganda aliyoyashika, akaingia ndani, akakawia. Alipotoka alikuwa na sufuria nyeusi, imebonyea ubavu mmoja, mshikio mmoja umetoka.

"Unajua hii?"

"Sufuria ya zamani, Papa."

"Tulikimbia vita nayo. Ulikuwa na miaka kumi na mbili. Tulitembea mpaka upande wa Walikale, mu pori. Mama yako alizalia mu njia, mvua inanyesha, hakukuwa mukunga. Ule mutoto tulimuzika kulekule, na mama yako akalala mwezi muzima hawezi kusimama. Nani alikuwa anapika?"

Mwanangu, kuna mambo mtu anayafukia moyoni yeye mwenyewe, kisha anasahau hata mahali alipoyafukia. Nilipoitazama sufuria ile nikamwona baba yangu amechuchumaa mvuani, anakata muhogo kwa panga, anatia majani, chumvi kidogo kama ipo, vyote mle mle ndani. Nikauona mkono wake unampa mama yangu kijiko. Yule mwanaume wa ukoo wetu ambaye sikuwahi kumwona akipika, nilikuwa nimekula chakula chake siku baada ya siku.

"Ulikuwa unakula, unaomba tena," mzee akasema. "Hata siku moja hukuuliza bugali iko wapi."

"Papa, nisamehe."

"Mimi haukunikosea. Sikia. Kama siku ile Mungu angenionyesha mwanamuke mwenye mikono ya Mama Furaha, yule mutoto pengine angepona. Mimi ningemupikia ule mukunga kila siku mpaka nife. Wewe uko naye mu nyumba yako, na chakula ya mangaribi inakushinda?"

Hakupaza sauti. Baba yangu hakuwa mtu wa kelele. Aliniwekea sufuria mapajani akasema, "Beba." Kisha akarudi kwenye maharagi yake kama mtu aliyemaliza kuongea, na kweli alikuwa amemaliza. Nilirudi nyumbani sufuria nimeifunga tumboni kwa kitenge. Dereva wa moto alinisikia navuta kamasi, akaniuliza kuna nini. Nikamwambia ni vumbi, na mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi.

Jumatatu nikaingia jikoni. Usifikiri niliingia kishujaa. Kwanza nilichungulia kama jirani yangu, Papa Bahati, yuko uani kwake. Nilikuwa nimenunua paketi ya spageti, tomati na karoti, na mama mmoja sokoni alinipunguzia bei akidhani mke wangu mgonjwa. Sufuria ya mzee niliisugua kwa majivu mpaka viganja vikawaka.

Sasa mimi kitu nilichokijua ni maharagi. Tangu utoto nilimwona mama akiteleka maharagi mapema, maji mengi, moto mdogo, anafunika, anakwenda shambani, anarudi anakuta yameiva. Basi nami nikateleka spageti saa nane mchana. Nikajaza maji mpaka juu, nikatumbukiza paketi nzima maji yakiwa bado baridi, nikafunika, nikaenda kumalizia matuta mawili ya viazi. Nilikuwa najisifu moyoni kwamba kumbe mapishi ni rahisi hivi, wanawake wanalalamika bure.

Niliporudi, sufuria ilikuwa na uji. Mweupe, mzito, unatoa povu taratibu. Spageti yenyewe sikuiona tena. Nikasimama pale nimeshika kiuno. Kutupa chakula siwezi, sikulelewa hivyo. Nikakumbuka kitu cha pili nilichokijua, yaani bugali. Nikachukua mwiko, nikapiga magoti mbele ya sufuria, nikasonga. Nilisonga mpaka jasho likanitoka.

Hapo ndipo kichwa cha Papa Bahati kilipotokea juu ya ua.

"Papa Furaha! Bibi yako iko mugonjwa?"

"Hapana, iko muzima."

"Sasa?"

"Sasa niko napika."

Akatikisa kichwa. "Bamekulisha dawa," akasema, na kabla jua halijashuka kilima kizima kilijua kwamba nimelishwa dawa ya mapenzi. Waliniita mume wa dawa mwaka mzima.

Mama Furaha alifika saa kumi na mbili. Alisimama mlangoni kwa sababu aliona moshi unatoka jikoni na Furaha yuko nje anasoma daftari lake. Mezani nilikuwa nimeweka mlima mweupe kwenye sinia, tomati na karoti nimezipanga juu zikiwa mbichi.

"Hii iko nini?"

"Spageti," nikasema.

Alinyoosha mkono, akabonyeza ule mlima kwa kidole, kama tunavyobonyeza bugali kuona kama imeiva. Kidole kikabaki na alama. Akanitazama mimi, akatazama mwiko, akaitazama ile sufuria iliyobonyea, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni na mkoba wake begani. Watoto wakaingia wakipiga kelele, Papa amepika bugali ya spageti! Nami nikacheka, na katikati ya kicheko nikamwambia mbele ya watoto, "Mama Furaha, ile siku nilikukosea. Unisamehe." Akaacha kucheka. Akafuta macho kwa ncha ya kitenge, akasema tule kabla haijapoa.

Tuliila kwa kumega matonge, tukichovya kwenye maziwa. Haikuwa tamu, sitakudanganya. Lakini saa moja kasoro tulikuwa tumemaliza, na Neema alikuwa macho anadai nyingine.

Kesho yake, kabla ya kwenda kazini, alinifundisha. "Spageti haiko maharagi, Papa Furaha," akaniambia. "Huwezi kuiacha wende mu shamba. Kaa nayo." Na hivi ndivyo alivyonifundisha, na ndivyo ninavyopika mpaka leo. Katakata kila kitu kwanza, moto bado haujawaka, maana ukishaanza hakuna nafasi ya kutafuta kisu. Kaanga kitunguu na puaro kwa mafuta kidogo. Tia tomati, chumvi, kitunguu saumu, uache ziive mpaka zivunjike kabisa. Tia karoti zilizokatwa nyembamba. Kama una ndagala, vile visamaki vikavu, au maharagi yaliyobaki jana, tia. Vunja spageti mara mbili uilaze juu ya vile vyote, kisha mimina maji yaifunike na kuzidi kidogo, upana wa kidole tu. Usijaze. Maji hayo hutayamwaga, yatanyweka yote na kuwa mchuzi. Korogakoroga kwa uma isishikane, na mwiko uuweke mbali na mkono wa mtu kama mimi. Maji yakikaribia kwisha ionje. Ikiwa inalainika lakini bado inakataa kidogo jinoni, ipua, nyunyiza jibini, funika, ita watoto wanawe mikono. Wakimaliza kunawa imeiva. Ni nusu saa, na chombo cha kuosha ni kimoja. Ukiosha na hicho kimoja, mkeo atakupenda zaidi, nakuambia ninachokijua.

Basi nikawa napika Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Siku nyingine tulikula bugali yetu, maana bugali sikuikana, na siku hizo maji niliyateleka mimi kabla hajafika. Lakini moyoni nilikuwa na hofu. Siku za mwezi zilikuwa zinakwisha na juu ya barua ile hakusema kitu, wala mimi sikuthubutu kuuliza. Niliona sina haki ya kumwomba abaki baada ya kumchosha namna ile. Kila asubuhi alipofunga kitambaa nilijiambia, labda leo ndiyo siku anaipeleka.

Siku ya mwisho ya mwezi ikafika, akafunga kitambaa kama kawaida. Nikashindwa kuvumilia.

"Mama Furaha, na ile barua?"

"Barua gani?"

"Ya kuacha kazi."

"Ah, ile. Niliwashia moto ya mbabula. Ile Jumatano ya kwanza ulipika, asubuhi, makala ilikuwa inakataa kuwaka."

"Wiki tatu! Na hukuniambia?"

Akatupa mkoba begani. "Nikuambie, kusudi uache kupika?"

Akashuka kilima anacheka peke yake. Nilimtazama mpaka akapotea kwenye kona ya mashamba. Sijui kama nimewahi kumpenda kuliko asubuhi ile.

Miaka imepita, mwanangu, na mzee wangu amekwisha kupumzika. Mwaka jana Furaha, yule aliyeinamisha macho mezani, alishikwa na uchungu wa mtoto wake wa kwanza. Mama yake ndiye aliyekuwa zamu. Mimi sikuwa na la kufanya, mwanaume hana la kufanya saa ile, basi nikaingia jikoni. Nilipika kwenye sufuria ya baba yangu, nikaifunga kwa kitenge, nikashuka nayo mpaka maternite, kule wazazi wanakojifungulia, nikakaa kwenye benchi la nje nimeikumbatia ili isipoe. Nilimfikiria yule mdogo wangu tuliyemwacha upande wa Walikale bila hata jina. Niliogopa. Kisha nikasikia mtoto analia ndani, sauti kali ya kuudai ulimwengu, nami nikalia pale pale bila kusingizia vumbi.

Baadaye Mama Furaha akatoka, mikono imeoshwa, nywele zake sasa nyeupe kama zangu. "Iko musichana," akasema. "Iko salama, na mama yake salama." Akakaa karibu yangu, akafunua kitenge, akachungulia sufuria. Akaniangalia kwa uso mkavu kabisa, usio na hata chembe ya mchezo.

"Bugali iko wapi?" akauliza.

Tulicheka mpaka mlinzi akaja kuona kuna nini. Kisha akala, sahani mbili, kwa sababu alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, na nitaisema wazi ili usije ukasema hukuelewa. Ukiwa na mwenzio anayefanya kazi, usimsubiri kwenye kiti. Anayefika nyumbani kwanza ndiye awashe moto, awe mume awe mke. Jifunze angalau chakula kimoja cha haraka, kikushinde mara ya kwanza, upike tena kesho. Usione haya kwa sababu ya majirani, maana siku mkeo atakapoacha kazi aliyoipenda hawatakuja kukufariji. Watoto wako wale wakiwa macho, wakiwa wanacheka. Na ukikuta sahani mezani, hata kama siyo uliyoitamani njia nzima, kaa, shukuru, kula, kisha uulize siku yake ilikuwaje.

Mungu akupe nyumba ambayo jikoni mna watu wawili. Makala yako yawe makavu hata miezi ya mvua. Mikono ya mwenzio isichoke kabla ya wakati wake, na yako iwe karibu kumpokea mzigo. Wala usikimbie kamwe na sufuria kichwani, wewe wala watoto wako, na hiyo uliyo nayo muipikie nyumbani kwenu, kwa amani, mpaka nanyi mzeeke. Amina.